Mfupa Umeunga, Mbona Bado Anachechemea?

Mtaani ukichechemea wiki mbili unapewa pole. Ukichechemea miezi sita unapewa jina.

Kila aliyewahi kuvunjika mguu Dar analijua hili. Mwanzoni watu wanakuja na machungwa, wanakaa pembeni ya kitanda wanasimulia ajali za ndugu zao, konda wa daladala mwenyewe anakushika mkono ushuke taratibu. Halafu hogo linatolewa, magongo yanarudi kwa mwenyewe, na watu wote wanakuhesabu kuwa umepona. Ukiendelea kuyumba baada ya hapo, huitwi mgonjwa tena. Unaitwa "yule anayechechemea". Na kibaya zaidi, na wewe mwenyewe unaanza kujiita hivyo.

Ndipo alipofikia dada mmoja mwenye frem ya nguo Kariakoo. Anauza magauni ya shughuli: kitchen party, send-off, harusi, ubatizo. Kabla ya ajali, biashara ilikuwa inatembea kwa miguu yake mwenyewe, na hapa si kwa mafumbo. Mzigo mpya ukiingia, anavaa gauni moja moja, anamkabidhi simu binti wa dukani, anatembea kutoka mlangoni hadi kwenye ngazi na kurudi. Sekunde 20, basi. Wateja hawakuwa wananunua kitambaa tu. Walikuwa wananunua jinsi gauni linavyocheza mtu akipiga hatua. Mikoani watu walikuwa wanatuma hela kabla hata hajamaliza kupandisha video ya pili.

Halafu usiku mmoja wa mvua bodaboda aliyopanda ikagongwa ubavuni. Mifupa yote miwili ya chini ya goti, kwaheri. Akafanyiwa upasuaji, chuma kirefu kikapitishwa ndani ya ule mfupa mkubwa wa muundi kuanzia usawa wa goti kwenda chini. Miezi mitano baadaye eksirei ikaonyesha mfupa umeshika vizuri. Akaambiwa maneno ambayo kila mgonjwa anaomba kuyasikia: "Mfupa umeunga, nenda katembee."

Akatembea kweli. Ila alitembea hivi: mguu wa kulia hatua ndefu, wa kushoto kidogo tu, bega likiinama upande kama mtu aliyebeba ndoo ya maji. Mwezi wa sita hivyo hivyo. Mwezi wa tisa hivyo hivyo.

Video zikabadilika kimya kimya. Kwanza akawa anajirekodi kuanzia kiunoni kwenda juu. Baadaye gauni likawa linatundikwa kwenye hanga. Wateja wakaanza kuuliza, "Dada siku hizi huvai mwenyewe?" Anajibu kwa emoji ya kucheka. Mauzo yakapungua, na aliyejua sababu ni yeye na binti wa dukani tu, ambaye siku moja alimrekodi akitembea na kumwonyesha akidhani anamsaidia. Aliifuta video hiyo bila kuimaliza, wakakaa jioni nzima bila kuongea.

Kilichomvunja moyo zaidi kilitokea ukweni. Siku ya kujitambulisha, wazee wamekaa sebuleni, yeye na kijora chake kipya, akaenda kuwaamkia. Akajaribu kupiga magoti kama alivyolelewa. Goti la kushoto likamchoma kana kwamba limekanyaga msumari. Akabaki katikati, si amepiga magoti, si amesimama, akatoa shikamoo huku ameshika kona ya kochi.

"Marahaba mwanangu," shangazi wa mchumba akaitikia. Akamtazama mguu. "Huo ni wa kuzaliwa au ajali?"

"Ajali, shangazi."

"Haya. Mungu atajalia."

Hakuna tusi hapo. Shangazi hakusema neno baya. Ila ile "haya" ilimfuata mpaka nyumbani. Usiku ule akamwambia mchumba wake wasogeze mbele send-off, maana bibi harusi mtarajiwa anaingia ukumbini taratibu, taa zimemlika, kamera tatu, watu 200 wanatazama kila hatua. Mchumba akamjibu, "Mimi sioi mguu." Jibu zuri sana, wanawake wengi wangelitunza. Lakini halimsaidii mtu kupanda ngazi.

Ushauri ukaja wa kila aina. Mama yake akamkanda kwa maji ya moto na chumvi kila jioni. Ilimpa raha, usingizi ukawa mzuri, asubuhi mguu ukachechemea vilevile. Jirani akaleta mafuta kwenye chupa ya maji, ukiuliza ya nini unaambiwa "we paka tu". Kijana wa gym akamwambia apige squat mia kwa siku. Alipiga 30, goti likavimba, akaacha. Rafiki yake wa karibu akamwambia azoee tu, kuna wenye shida kubwa zaidi. Na hapo ndipo wengi wanapoishia: kuzoea.

Aliyemtoa kwenye kuzoea ni mama mmoja wa makamo, mtaalamu wa fiziotherapia. Mchumba ndiye aliyempeleka, kwa kumdanganya kidogo kuwa wanakwenda kuangalia ukumbi.

Yule mama hakuanza na mafuta wala mashine. Alimwambia avue viatu atembee kwenye korido, aende na kurudi, mara nne. Yeye alifumba macho. Ndiyo, alifumba macho, akasikiliza. Mtu asiyechechemea nyayo zake zinaita kwa usawa. Za huyu zilikuwa zinaita moja ndefu, moja fupi: paa-pa, paa-pa. Mguu wenye tatizo unakaa chini muda mfupi, kama unakanyaga bati lililopigwa jua, unaukimbilia mguu mzima.

Kisha vikaja vipimo, na vyote vilikuwa vya kawaida kabisa, vya futi ya fundi cherehani. Akapima urefu wa kila mguu, kuanzia kwenye ncha ya mfupa wa nyonga mbele hadi kwenye kifundo kwa ndani. Sawa kwa sawa. Akapima unene wa paja, sentimita 10 juu ya kifuniko cha goti. La kushoto lilikuwa limepungua sentimita 3. Akamsimamisha mbele ya ukuta, kidole gumba cha mguu kikiwa mbali kidogo, akamwambia apeleke goti liguse ukuta bila kunyanyua kisigino. Mguu wa kulia uliweza ukiwa sentimita 10 kutoka ukutani. Wa kushoto, sentimita 2, na kisigino kinataka kunyanyuka.

Mwisho akamwambia asimame kwa mguu mmoja. Kwa wa kulia, safi. Kwa wa kushoto, nyonga ya upande wa pili ikashuka na mwili wote ukaegemea kushoto ili asianguke. Kipimo hiki si cha leo; daktari wa upasuaji wa Ujerumani, Friedrich Trendelenburg, alikieleza mwaka 1895. Kinaangalia misuli ya pembeni ya nyonga, ile inayoshikilia kiuno kisishuke kila unaponyanyua mguu mmoja. Misuli hiyo ikilegea, kila hatua unayumba. Ndiyo ile ndoo ya maji isiyoonekana.

Alipomaliza akasema sentensi iliyobadilisha kila kitu: "Mwanangu, kuchechemea si ugonjwa. Ni dalili. Tafuta kinachochechemesha."

Kwa wenye kudhani kuchechemea kote ni kumoja, benchi la nje ya chumba kile lilikuwa darasa tosha. Wiki ya pili dada wa Kariakoo alikaa katikati ya watu wawili ambao ukiwaona barabarani ungesema wote watatu wana tatizo lile lile.

Kushoto kwake alikuwa dereva bodaboda. Paja lake lilivunjika, ndugu wakaona hospitali gharama, wakampeleka kwa mtaalamu wa kienyeji wa kuunga mifupa. Mfupa ukaunga kweli, ila ukiwa umepandiana. Mguu mmoja mfupi kwa zaidi ya sentimita 3. "Sista, mimi nimepiga mazoezi mpaka basi," alisema, "kumbe nilikuwa naurefusha mguu kwa maombi." Mguu uliopungua mfupa haurefushwi na mazoezi. Yeye aliandikiwa soli ya kuinua kiatu, wakaanza na nusu ya kimo kwanza ili mgongo uzoee, na akapewa rufaa kwa daktari wa mifupa waongee kama upasuaji unafaa. Tofauti ndogo, chini ya sentimita 2, watu wengi wanaimudu bila kitu au kwa soli ndogo ya ndani. Ikizidi hapo, kiuno na goti vinaanza kulipa deni.

Kulia alikuwa kijana wa mpira wa mchangani. Unyayo wake ulikuwa unadondoka, pwaa, kila akikanyaga, na ili vidole visikwame alikuwa ananyanyua goti juu kama anavuka mtaro. Huyo shida yake ilikuwa mshipa wa fahamu unaopita pembeni ya goti, ule unaonyanyua unyayo. Huyo hakuambiwa "kaze kamba". Aliambiwa hili ni la kuonwa na daktari mapema, na apewe kifaa cha kushikilia unyayo wakati mshipa unasubiriwa.

Dada wa Kariakoo yeye alikuwa na mambo matatu kwa mpigo: kifundo kilichokakamaa, misuli ya paja na nyonga iliyosinyaa, na woga. Huo wa tatu ndio mgumu kumwambia mtu. Miezi ile ya magongo ubongo ulijifunza kuwa mguu wa kushoto hauaminiki. Mfupa ukaunga, ubongo haukupewa taarifa.

Na kuna kosa ambalo wengi wanalifanya na yeye alilifanya: aliacha magongo mapema, kwa aibu. Alitaka aonekane amepona. Gongo halimfanyi mtu achechemee. Kuliacha kabla ya wakati ndiko kunakoukomaza mwendo mbaya. Yule mama akamrudishia fimbo moja, aishike mkono wa kulia, yaani upande wa mguu mzima. Watu wengi wanaishika upande unaouma na mwili unazidi kuinama huko huko. Fimbo na mguu mgonjwa vinakwenda pamoja. Ngazini, mguu mzima unatangulia kupanda, mguu mgonjwa unatangulia kushuka. Kwa mtu mwenye frem ghorofa ya pili Kariakoo, hilo peke yake lilikuwa mkombozi.

Akachukia kuonekana na fimbo. Akaambiwa, "Chagua: fimbo miezi miwili au kuyumba miaka kumi."

Mazoezi yenyewe hayakuwa ya kupostisha. Kila siku, kusukuma goti kuelekea ukutani kisigino kikiwa chini, sekunde 30, mara tatu, asubuhi na jioni. Siku tatu kwa wiki, mazoezi ya nguvu: kunyanyuka kwenye kiti bila kuegemea mguu mzima, kunyanyua visigino akiwa ameshika ukuta, kupanda na kushuka kigazi kimoja cha mlangoni, kulala ubavu na kunyanyua mguu wa juu bila kuupeleka mbele. Mara 10, anapumzika, tena 10, tena 10. Ikiwa rahisi, inaongezwa. Akipiga mswaki, anasimama kwa mguu wa kushoto karibu na sinki.

Kuhusu maumivu alipewa kipimo cha kichwani: sifuri ni hakuna kitu, kumi ni kulia kwa sauti. Mazoezi yakileta tatu au nne na kesho asubuhi yametulia, endelea. Yakizidi hapo, au goti likiamka limevimba, punguza. Kumbe kosa la zile squat za kijana wa gym lilikuwa dozi tu.

Halafu ikaja simu. Kitu alichokuwa anakikimbia ndicho kilichogeuzwa dawa. Kila Jumapili binti wa dukani alimrekodi akitembea kwenye korido ile ile, mbele na nyuma, bila gauni la kuuza, bila muziki. Hakuruhusiwa kuipandisha popote. Ilikuwa ya kutazama na kulinganisha. Na ili nyayo ziite sawa, alitembea akifuata mdundo kwenye spika za masikioni. Walijaribu singeli, ikawa vichekesho, mguu wowote ule ungechanganyikiwa. Wakachagua bongo fleva ya taratibu, hatua moja kila pigo, fupi lakini zinazolingana, kisigino kwanza, kisha unyayo, kisha kusukuma na vidole. Polepole kuliko alivyotaka. Kwenda haraka kunaficha kuchechemea kwa siku moja na kukurudisha ulipotoka.

Wiki ya tano aliacha.

Hakumwambia mtu. Alichoka. Alikuwa anajitazama kwenye kioo cha frem haoni tofauti yoyote, wateja wanamsubiri, mchumba anauliza tarehe. Siku nne hakufanya kitu. Siku ya tano binti wa dukani, ambaye tangu ile jioni ya kimya alikuwa anaogopa kugusa suala la mguu, akamwekea simu mezani bila kusema neno. Video ya wiki ya kwanza na ya wiki ya tano, moja baada ya nyingine. Aliitazama mara ya kwanza kwa hasira. Mara ya pili akaongeza sauti. Ya kwanza nyayo zilikuwa zinaita paa-pa, paa-pa. Ya pili zilikuwa zinakaribiana. Hazijalingana, zinakaribiana.

"Mbona hukuniambia?" akauliza.

"Ungenisikiliza, dada?"

Akarudi kwenye ukuta wake jioni ile ile.

Misuli haina haraka na mtu. Wiki sita hadi nane ndipo nguvu inaanza kuhisika, na iliyosinyaa kwa miezi inaweza kudai miezi kurudi. Kufikia wiki ya kumi na mbili kidole gumba chake kilikuwa sentimita 7 kutoka ukutani na nyonga haikuwa inashuka tena akisimama kwa mguu mmoja. Fimbo ilibaki nyumbani siku alipoweza kutembea bila hiyo na bila kuyumba. Siku moja kabla ya hapo asingeruhusiwa.

Goti lilibaki na neno lake. Maumivu ya mbele ya goti ni kitu kinachowapata wengi waliowekewa chuma cha aina ile, hasa wakipiga magoti. Alimuuliza daktari wa upasuaji kuhusu kukitoa. Jibu likawa la uwazi: inawezekana, wengine wanapata nafuu, wengine maumivu yanabaki. Akaamua kusubiri. Badala yake akajifunza kupiga magoti upya kama mtoto, kwanza kwenye godoro, kisha kwenye mto, kisha kwenye kanga iliyokunjwa, uzito ukibebwa zaidi na goti la kulia.

Send-off ilifanyika. Aliingia ukumbini na kiatu kifupi, si kile kirefu alichokuwa amekinunua kabla ya ajali, na binti wa dukani ndiye aliyelia mpaka wanja ukamshuka. Katikati ya ukumbi bado kulikuwa na hatua mbili tatu ambazo mwenye jicho la kutafuta angeziona. Alipofika mbele ya upande wa ukweni, dada yake akatandika kanga iliyokunjwa mara nne chini. Akashuka. Akafika chini kabisa.

"Shikamoo shangazi."

Shangazi hakuitikia kwa mdomo mara moja. Alimshika mikono miwili, akamnyanyua yeye mwenyewe. "Marahaba mwanangu. Inuka, usijiumize."

Leo video za kutembea zimerudi, kutoka mlangoni hadi kwenye ngazi. Hajawa mtu mpya. Siku za mzigo, akisimama tangu saa mbili asubuhi hadi usiku, mguu wa kushoto unaanza kujificha tena. Tofauti ni kwamba sasa anajua unachosema: misuli imechoka, kaa. Anakaa, na kesho yake anaurudia ukuta wake.

Kwa anayesoma hapa akiwa na mguu wake au wa ndugu yake akilini, kuna mambo mawili ya kwenda nayo. La kwanza, kuchechemea kunakozidi badala ya kupungua si kwa kufanyia mazoezi ya mtandaoni. Shavu la mguu likivimba ghafla na kuuma, kidonda kikitoa maji au ukipata homa, maumivu ya mfupa yakirudi upya, au unyayo ukigoma kunyanyuka, nenda hospitali. Na uvimbe wa shavu la mguu ukija pamoja na kukosa pumzi, nenda saa hiyo hiyo, usingoje kupambazuke.

La pili ni dogo, na lingemwokolea yule dada karibu mwaka mzima. Siku daktari anapoitazama eksirei na kutabasamu kwamba mfupa umeunga, usinyanyuke kwenye kiti. Muulize: na misuli je? Na kifundo? Nani atanifundisha kutembea tena? Halafu usitoke hapo bila jina la chumba na siku ya kuanza.